Jibu: Nina pointi 40 tu, niende mashindano makubwa ya bridge?

Mkuu, umeuliza kama mwenye pointi 40, zile mchezaji anazopata kwa kufanya vizuri mashindanoni, aende NABC, mashindano ya ubingwa wa bridge (mchezo wa karata wa wawili wawili) kule Amerika Kaskazini, au asubiri kwanza akomae. Nenda. Yanafanyika mara tatu kwa mwaka, kila mara mji mwingine, na si wote waliopo ni vigogo. Kuna michezo ya walio chini ya pointi 300, na Gold Rush ya walio chini ya 750. Huna mwenzi? Lipo dawati la kuunganisha wachezaji. Mimi nilipewa bibi mmoja mstaafu, tukakaa robo saa tukakubaliana namna ya kunadi (kutangaza kabla ya kucheza mtashinda mizunguko mingapi), mambo machache tu. Yalitufaa kuliko makorokoro yote niliyokuwa nimekariri.

Sasa aibu yangu. Ilichezwa uru, nikatupa kopa, kumbe saba ya uru, niliyopaswa kuicheza, imejibana katikati ya kopa zangu. Mwamuzi akaitwa. Jasho lilinitoka! Lakini alitusomea sheria kwa upole, tukanyang'anywa mzunguko mmoja wa karata tulioshinda, mchezo ukaendelea. Kumwita mwamuzi pale si kushtakiana, hata mabingwa wanamwita kila saa.

Usilalamikie karata mbaya: wa meza nyingine waliokaa upande wako wanapewa zilezile, na alama zako zinalinganishwa na zao. Beba sweta, kumbi zina baridi ya jokofu. Siku ya kwanza cheza kikao kimoja. Viwili ni zaidi ya saa sita, kichwa kitagoma.

Na ukipanga karata mkononi, weka nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, uru isijifiche kati ya kopa kama yangu.