Ripoti ya mama inasema protini "zimepotea", je tuogope?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yetu ana miaka 71, alifanyiwa oparesheni wakamtoa uvimbe kwenye utumbo mpana upande wa kulia, tukaambiwa ni kansa steji ya pili, tezi za limfu 16 zilizopimwa zote safi. Tukashukuru. Sasa imekuja karatasi nyingine ya maabara imeandikwa MLH1 imepotea, PMS2 imepotea, MSH2 na MSH6 zipo, halafu chini Ki-67 asilimia 80. Mdogo wangu kaingia Google kakuta mambo ya kutisha, usiku kucha hatujalala. Na daktari wake anasema mama hahitaji dripu za kimo (kemotherapi, dawa za kuua kansa), sisi tunaona kama wamemkatia tamaa vile. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Hawajamkatia tamaa, tena ni kinyume kabisa, na hilo neno "imepotea" limewanyima watu wengi usingizi bure.

Iko hivi, ule uvimbe ukitolewa unalowekwa kwenye formalini, unagandishwa kwenye parafini kama mshumaa, halafu unakatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kubandikwa kwenye kioo. Wanamwagia kingamwili inayonasa protini moja tu, wakiweka rangi basi protini ilipo panageuka kahawia. Kwa mama yenu aliyekaa kwenye maikroskopu ameona viini vya seli za kansa vimebaki bluu, ila pembeni yake kwenye kioo hichohicho seli zenye afya za utumbo na zile za kinga ni kahawia. Hapo ndo anapata ujasiri wa kuandika "imepotea", maana rangi imefanya kazi. Ingekuwa hata hizo seli zenye afya ni bluu asingeandika hivyo, angerudia kipimo.

Hizo protini nne ni mafundi wa kukagua DNA seli inapojigawa, wanapita nyuma kufuta makosa ya kunakili. Wanatembea wawiliwawili, MLH1 na PMS2, MSH2 na MSH6, na MLH1 ikikosekana PMS2 haiwezi kusimama peke yake inavunjika. Kwa hiyo msihesabu hasara mbili, chanzo ni kimoja.

Sasa seli isiyo na mafundi inalimbikiza makosa mpaka inatengeneza protini za ajabuajabu, na kinga ya mwili inazishtukia, inajaa pale kwenye uvimbe. Ndo maana kansa za aina hii, ambazo ni kama asilimia 15 ya kansa zote za utumbo mpana, zikikamatwa steji ya pili huwa hazirudi kirahisi kama zingine, na ile dawa ya kimo ya fluorouracil ikitolewa peke yake haijaonyesha faida kwao. Daktari wenu kamuepusha mama na kuharisha na vidonda vya mdomoni kwa kitu ambacho kisingemsaidia. Ingekuwa tezi zimeshikwa, au utumbo ulitoboka, hapo mazungumzo yangekuwa mengine. Na hata ikitokea ikarudi, Mungu apishe mbali, zipo dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumab, Marekani iliruhusiwa 2017 kwa uvimbe wowote sugu wenye hali hii na 2020 ikawa tiba ya kwanza kwa kansa ya utumbo mpana ya aina hii iliyosambaa.

Ki-67 achaneni nayo. Inaonyesha seli zinajigawa, na kansa za utumbo mpana nyingi huwa nayo juu, hakuna anayepanga dawa kwa hiyo namba. Watafiti kila mwaka wanatoa protini mpya ya kutabiri, p53 sijui CDX2 (hii kweli utafiti wa 2016 ulionyesha uvimbe usiokuwa nayo hurudi zaidi), ila zinazofika mpaka wodini ni za kuhesabu. Mimi ukinipa ile ripoti jicho linaenda kwanza kwenye tezi: wanataka zipimwe angalau 12, nyie mnazo 16 na zote safi.

Kilichobaki ni swali moja ambalo sioni kama mmeliuliza, nalo linawahusu nyie watoto. Kwa umri wa mama MLH1 mara nyingi hupotea kwa sababu jeni imejifunga yenyewe ukubwani, siyo ya kurithi. Lakini kuna familia chache zinazorithi, inaitwa sindromu ya Lynch, na hao inabidi waanze kolonoskopi (kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera) mapema na kurudia kila mwaka mmoja au miwili. Muulizeni daktari kama kwenye uvimbe walipima jeni nyingine iitwayo BRAF, au kule kujifunga kwa jeni ya MLH1. BRAF ikiwa na ile badiliko ya V600E, Lynch karibu mnaifuta. Vyote viwili vikikosekana, ndo mpelekwe kupimwa jeni kwenye damu, mkianza na mama mwenyewe. Na kwa kipimo cha BRAF mama hachomwi wala hapasuliwi tena, kile kipande chake cha kwenye parafini bado kipo maabara.