Sarafu 13 za arrhae: kijana, arbuni haikopewi

Juzi kijana mmoja wa Kisumu anayefanya kazi Doha ameniandikia: "Kaka, mchumba wangu ni Mfilipino, harusi Januari huko kwao. Naambiwa nipeleke sarafu 13 za dhahabu. Bei imenitisha. Nikope?"

Anazungumzia arrhae, sarafu ambazo bwana harusi wa Kifilipino humwekea mkewe mkononi wakati wa ndoa kanisani. Ujumbe ule nimeusoma mara mbili. Swali hilohilo nilikuwa nalo mimi, ila sikumuuliza mtu.

Sisi tuliooa mbali na kwetu tunajuana. Unataka wakwe waone kwamba binti yao hakuangukia kwa mtu wa hovyo, hasa ukiwa Mwafrika na hakuna anayeijua familia yako. Basi Aprili 2025 nikaenda soko la dhahabu la Deira, Dubai. Mwezi ule wakia moja ilikuwa imegusa dola 3,500, ilhali mwaka 2020 watu walishangaa ilipovuka 2,000. Nikaagiza sarafu 13 za karati 21, gramu mbili kila moja. Sonara akazimimina kwenye mizani: gramu 26. Dhahabu peke yake ilikuwa dirhamu zaidi ya 9,000, na ujira wa kutengeneza bado.

Nililipa kwa zamu yangu ya upatu tunaocheza Watanzania wachache wa Sharjah. Zamu ile ilikuwa ya bati la mama yangu, Moshi. Nikamwambia avumilie kidogo. Masika yale aliyapitisha na turubai juu ya chumba chake, na hakulalamika hata siku moja. Afadhali angelalamika.

Wiki moja kabla ya harusi, huko Bulacan, Ufilipino, Nanay, yaani mama mkwe wangu, aliniita mezani akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na sarafu 13 za fedha, senti 20 za enzi za utawala wa Mmarekani. Upande mmoja mwanamke amesimama na nyundo mbele ya fuawe, nyuma yake mlima Mayon unafuka moshi. Nyingine sura ilikuwa imelika kabisa. Yeye aliolewa nazo, na mama yake kabla yake.

"Anak, tumieni hizi," akasema. Mwanangu.

Nikajibu kwa adabu, lakini nikajibu: "Asante Nanay, nimekuja na za dhahabu." Akakikunja kitambaa, akapiga fundo moja, akapiga la pili, akaondoka nacho.

Kanisani padri alizibariki za kwangu, nikazimimina kwenye viganja vya mke wangu. Dakika moja haikuisha. Hakuna aliyezipima wala aliyeuliza karati. Jioni wakwe walichoniuliza ni kama nimekula nikashiba.

Desturi hii ililetwa Ufilipino na Wahispania, waliojikita huko tangu 1565, na mizizi yake inarudi hadi kwa Warumi. Wengi husema 13 ni Yesu na mitume wake 12. Bwana harusi anaahidi kumtunza mkewe, na siku hizi inaelezwa pia kwamba mali ni yao wote wawili. Sasa sikiliza neno lenyewe: arrhae lina undugu na arbuni letu. Ndiyo, arbuni hii hii unayomwachia fundi wa kabati. Nani aliwahi kutoa arbuni iliyo sawa na bei nzima? Arbuni hufunga neno, deni lenyewe unalilipa kwa miaka. Mimi nilitaka kumaliza kila kitu siku moja mbele ya watu, na nyinyi vijana mnataka hivyohivyo, msinikatalie.

Wala usiichanganye na mahari. Kwetu Uchagani mahari huenda kwa wazee. Arrhae huwekwa mkononi mwa bibi harusi mwenyewe, na kwa hilo inakaribia mahari ya Kiislamu ya Pwani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usikope. Kwanza muulize mama mkwe kama familia ina za zamani. Kama hawana, nenda Divisoria, Manila, kuna seti zilizopakwa dhahabu juu, tena na kisanduku chake, na padri atazibariki vilevile. Ukiona lazima dhahabu iwepo, nunua sarafu moja ya kweli, 12 ziwe za kupakwa. Tazama muhuri: 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Risiti itenganishe uzito na ujira, maana siku ukiuza utalipwa uzito tu, ujira umekwenda. Na usikope. Nimeshasema, narudia.

Bati la Mama lilipigwa Novemba, mvua za vuli zimeshaanza. Sarafu zangu ziko kabatini.

Mdogo wa mke wangu anafunga ndoa mwaka huu. Watatumia zile za Nanay. Mimi nimeombwa ninunue kisanduku.