Re: Euro 992 inatosha kuishi Berlin?

Mkuu, umeuliza kama ile euro 992 kwa mwezi ya akaunti ya viza (ile pesa unayoifungia benki ili upate viza ya kusoma Ujerumani, halafu unaitoa kidogo kidogo kila mwezi) inatosha mwanafunzi Berlin. Inatosha ukipata hosteli ya wanafunzi, ila ukipanga mtaani kodi peke yake inaweza kula zaidi ya nusu, so omba hosteli siku ileile unayopata admisheni maana foleni ni ndefu mno. Ukiona tangazo la chumba uliza kama hita na maji vimo kwenye bei, na mtu akitaka dipoziti kabla hujaona chumba achana naye, matapeli wamejaa. Halafu kuna ada ya redio na tivii, euro 18.36 kwa mwezi kila nyumba, hata kama huna tivii utalipa tu, mkikaa wanne mnagawana.