Nililipa Jumatatu, wifi akalipa Jumanne, mzigo wake ukatangulia

Mwaka jana, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili Ramadhani iishe, mota ya cherehani yangu iliungua. Fundi yeyote wa Ngamiani, hapa Tanga, anajua maana yake: kanzu za watoto zimeshakatwa, na mama zao wanapita kila jioni kuuliza. Nikaagiza mota kwenye duka moja la mtandaoni la Dar, nikalipa kwa simu Jumatatu asubuhi. Wifi yangu, naye ni fundi, yuko Chumbageni, akaagiza mota ileile kesho yake. Yake ilifika stendi ya Kange Alhamisi. Yangu ilifika Idi imeshapita.

Dar hadi Tanga, kupitia Chalinze na Segera, ni kama kilomita 350. Basi la alfajiri linashusha mizigo mchana. Kwa hiyo mota yangu haikukwama njiani, ilikwama stoo. Nilipopiga simu mara ya nne, kijana aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba mota zilikuwa chache kuliko oda, na mfumo wao hutanguliza wateja wakubwa. Wifi hununua kwao lasi na nyuzi kila baada ya wiki mbili. Mimi nilikuwa nimenunua zipu, mara moja tu.

Tangu siku hiyo nimejifunza jinsi wauzaji wa mtandaoni wanavyotupima. Wanaangalia mambo matatu: umenunua lini mara ya mwisho, unanunua mara ngapi, na umeacha pesa kiasi gani. Hesabu hii ni ya zamani. Waliokuwa wakiuza kwa katalogi na posta waliitumia kabla ya intaneti. Wapo wanaotazama pia kama umewahi kukataa mzigo. Ukiagiza kwa kulipa ukipokea, kisha ukazima simu bodaboda akiwa mlangoni, usishangae oda yako ijayo ikisubiri.

Kumtanguliza mteja si kosa likifanywa hadharani. Amazon, duka kubwa la mtandaoni, walianzisha huduma ya Prime huko Marekani mwaka 2005 kwa dola 79 kwa mwaka: anayetaka haraka analipia, asiyelipa anajua atasubiri. Kinachoniuma ni foleni ya kificho. Mimi na wifi tulilipa bei moja, tukaahidiwa siku zilezile, na ahadi ya mmoja wetu ndiyo iliyotimizwa.

Sasa sitoi hela kabla ya kuuliza maswali mawili kwa ujumbe wa maandishi: mzigo uko stoo leo, na unapanda basi siku gani? Akijibu "ndani ya siku chache", naacha. Akitaja siku, nahifadhi ujumbe, na siku hiyo ikifika naomba picha ya risiti ya basi. Jibu la maandishi limenisaidia kurudishiwa hela mara mbili.

Kingine, tumejiunga mafundi watano, oda zetu zote zinapita kwenye akaunti ya wifi. Tukiagiza pamoja tunaonekana mteja mmoja mkubwa, na nauli ya mzigo tunagawana. Ila andikeni kila shilingi kwenye daftari kabla haijatumwa, maana hela ya pamoja inagombanisha hata ndugu. Na kwa kitu cha haraka kweli, mtafute mtu wako Kariakoo akinunue kwa mkono na kukipandisha basi. Ni ghali kidogo, lakini unajua kiko wapi.

Nanyi wauzaji, mteja mkubwa mpeni punguzo, mpeni zawadi. Lakini mota zikiwa tatu na oda nane, waambieni wale watano kabla hamjapokea hela yao. Mimi kanzu mbili hazikuwahi Idi, nikarudisha pesa kwa mama aliyezichukua bila kusema neno. Ningeambiwa Jumatatu ileile kwamba hazitoshi, ningempigia binamu yangu Kariakoo, na Jumatano ningekuwa nashona.