Ukifika Mumbai, anza na sanamu zilizoondolewa mjini

Watu wetu wengi wanaofika Mumbai hawaendi kutalii. Wanakwenda na bahasha ya eksirei kwapani, au wamemsindikiza mgonjwa, au ni wanafunzi wa Pune walioshuka kwa treni wikiendi kufanya manunuzi. Mimi nilikuwa kundi la pili. Nilikaa mtaa wa Parel nikimuuguza mama mdogo, na kwa vile saa za kuona wagonjwa zilikuwa za jioni, mchana wote ulikuwa wangu. Kila niliyemuuliza pa kwenda alinijibu vilevile: nenda Gateway of India, lile lango kubwa la baharini, piga picha, rudi. Mimi nakwambia Gateway iache mpaka mwisho. Anza Byculla.

Mumbai ni mji uliowahi kuhamisha sanamu zake. Uhuru ulipatikana mwaka 1947, lakini wafalme na magavana wa Kiingereza waliochongwa kwa marumaru na kusubiwa kwa shaba waliendelea kusimama kwenye njia panda za mji kwa miaka mingine. Ilipofika 1965 wakang'olewa, na wengi wao wakapelekwa kwenye bustani ya Byculla. Ukishawaona hao huko walikowekwa, mtaa wa Fort utautazama kwa jicho jingine, maana utajua nani alikuwa amesimama wapi.

Kutoka Parel ni vituo vitatu tu kwa treni ya mjini: Currey Road, Chinchpokli, Byculla. Toka upande wa mashariki, uliza Rani Baug, kila mtu anaijua kwa jina hilo ingawa jina lake rasmi lina Jijabai ndani yake. Usiende Jumatano, siku hiyo bustani na makumbusho yaliyomo hufungwa. Siku nyingine utakuta foleni ndefu langoni, lakini usitishike. Wale hawaji kumwona mfalme yeyote, wanawaleta watoto kuona pengwini. Ndiyo, pengwini, kwenye joto lile.

Ndani, tafuta Makumbusho ya Dr. Bhau Daji Lad. Yalifunguliwa mwaka 1872 yakiitwa kwa majina ya Malkia Victoria na mumewe Albert, na jengo lenyewe, kwa nguzo zake za chuma na dari lake la rangi na dhahabu, linatosha kukulipa nauli. Humo kwenye bustani yupo Edward wa Saba juu ya farasi wake wa shaba, kazi ya Joseph Edgar Boehm ya mwaka 1879, akiwa bado mwana wa mfalme. Yupo na mama yake, Victoria, aliyechongwa na Matthew Noble. Watoto wanampita Edward mbio kuelekea kwa viboko. Nilikaa pale nikila karanga, na muda wote huo hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesimama kusoma maandishi yake.

Kilichonishika mimi ni suala la pesa. Sanamu ya Victoria ililipiwa na Khanderao Gaekwad, mtawala wa Baroda, Mhindi. Ya Edward ililipiwa na Albert Sassoon, tajiri Myahudi wa mumo humo Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa zamani, ambaye asili ya ukoo wake ni Baghdad. Halafu nikakumbuka Nairobi: Victoria wa Jeevanjee Gardens naye alitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Alibhai Mulla Jeevanjee, akazinduliwa mwaka 1906. Mtawala hakuingia mfukoni mwake. Wenye mali waliotaka kuwa karibu naye ndio waliomsimamisha. Tangu siku hiyo, kila sanamu niliyoikuta nilianza kwa kuuliza nani alilipa, na ukiuliza hivyo utajifunza zaidi ya kile kinachosemwa na waongozaji watalii wa Fort.

Kabla hujatoka, mtazame tembo wa jiwe aliye jirani na makumbusho. Huyu ndiye aliyekipa jina kisiwa cha Elephanta. Wareno walimkuta kisiwani, wakakiita kisiwa kwa jina lake. Wenyeji wao wanakiita Gharapuri. Mwaka 1864 Waingereza walijaribu kumsafirisha kwenda kwao, akaanguka akavunjika, na baadaye vipande vikaunganishwa upya. Ukimkaribia utaziona alama za viungo mwilini. Watu wanalipa nauli ya boti kwenda Elephanta na kurudi bila kujua kwamba tembo mwenyewe yuko mjini.

Siku ya Fort, mimi ningechagua Jumapili asubuhi. Ofisi zimefungwa, barabara zinapitika, na unaweza kusimama katikati ya njia ya watembea kwa miguu ukainua shingo bila kusukumwa. Panda treni mpaka mwisho wa reli, kituo cha Chhatrapati Shivaji Maharaj, ambacho wazee bado wanakiita VT, yaani Victoria Terminus. Lilikuwa jina la Victoria, na jengo lilichorwa na Frederick William Stevens. Tangu 2004 limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Usilitazame ukiwa chini yake, vuka barabara kwanza. Juu ya kuba kuna mwanamke aliyeshika mwenge mkono mmoja na gurudumu mkono mwingine: ndiye Maendeleo, kama walivyomwona watu wa reli. Kwenye nguzo za lango wamelala simba na chui milia, mmoja kwa Uingereza na mwingine kwa India. Sasa shusha macho hadi chini ya saa kubwa. Pana kidaka, kama vile vidaka vya nyumba zetu za mawe za pwani ila kikubwa mara nyingi zaidi, na ndani yake hamna kitu. Alikuwamo Victoria. Ukishakiona kidaka kile kitupu huwezi tena kuacha kukiona.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya jengo la halmashauri ya mji, amesimama Pherozeshah Mehta, Mparsi, yaani mtu wa jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi, mwanasheria aliyepigania mamlaka ya mji wake ndani ya utawala wa kikoloni. Yeye hakuguswa mwaka 1965. Vivyo hivyo Dadabhai Naoroji, mbele kidogo, aliyeandika jinsi utajiri wa India ulivyokuwa ukimiminika kwenda Uingereza. Hawa ni watu wa enzi ileile ya Victoria, wamevaa kofia za Kiparsi, na mji uliamua wabaki.

Karibu na Naoroji kuna Flora Fountain, chemchemi ya mwaka 1864 yenye mungu wa kike wa maua wa Kirumi juu yake. Wengi wanapiga picha hiyo wanaondoka. Geuka. Ubavuni mwake kuna mnara wa watu wawili walioinua mwenge, mkulima na mfanyakazi, na eneo zima linaitwa Hutatma Chowk, uwanja wa mashahidi. Katika miaka ya 1950 watu wa lugha ya Kimarathi walidai jimbo lao wenyewe na Bombay iwe ndani yake, na zaidi ya watu mia moja wakauawa katika vurugu za madai hayo, wengi kwa risasi za polisi wa nchi iliyokwisha kujitawala. Jimbo la Maharashtra lilizaliwa tarehe 1 Mei 1960. Kwa maoni yangu mnara huu una uzito kuliko Gateway, na picha yake huikuti kwenye sumaku za friji.

Ukishuka kusini utafika Kala Ghoda, maana yake farasi mweusi. Farasi huyo ndiye yule wa Edward uliyemwona Byculla. Aliondolewa, lakini jina halikuondoka, na kwa zaidi ya miaka hamsini watu waliagana kukutana kwa farasi asiyekuwepo. Mwaka 2017 wakasimamisha mwingine, mweusi, mzuri, mkubwa, ila mgongoni hana mtu. Wangeweza kumpandisha shujaa wao yeyote. Wakaona heri abaki hivyo. Nadhani hiyo ndiyo sanamu ya akili kuliko zote mjini, na utamu wake hauonekani kwa aliyeruka Byculla.

Kuna kitu kidogo cha kutazama katika sanamu za India: ngazi. Nyingi zina ngazi ya chuma iliyojengewa kabisa nyuma au ubavuni, inayofika hadi begani. Nilidhani ni ya mafundi wa taa, hadi nilipomwona mzee mmoja kule Parel akiipanda pekupeku, taji la maua ya rangi ya chungwa kaliweka shingoni mwake mwenyewe ili mikono iwe huru. Alipofika juu akafuta miwani ya sanamu kwa leso, akamvisha taji, akagusa kifua chake, akashuka taratibu kwenda kazini. Aliyevishwa alikuwa Dkt. Ambedkar, ambaye nitamweleza mwishoni. Ukiona ngazi imechakaa kwa miguu ya watu, jua sanamu hiyo bado ina wenyewe. Edward kule bustanini sikuona akiwa na ngazi.

Sasa ndiyo nenda Gateway. Mfalme George wa Tano alipotua hapo Desemba 1911 alikuta lango la maigizo tu, la karatasi ngumu. Jiwe la msingi liliwekwa 1913, na lango la kweli, lililochorwa na George Wittet, likamalizika 1924, miaka kumi na mitatu baada ya mgeni mwenyewe kupita. Kisha, tarehe 28 Februari 1948, kikosi cha mwisho cha jeshi la Uingereza kikapita chini yake kikitoka. Mbele ya lango, juu ya farasi, yupo Shivaji, mfalme wa Wamaratha wa karne ya 17, aliyewekwa 1961. Huyu farasi wake ana mpandaji, na siku za sherehe hufunikwa maua.

Pale Gateway kuna ukaguzi wa mifuko, kwa hiyo usibebe begi kubwa. Wapiga picha wa kulipwa watakung'ang'ania. Sema hapana mara moja, endelea kutembea. Na sisi Waafrika tunaombwa sana selfi. Mwanzoni inafurahisha, baadaye inachosha. Kanuni yangu ilikuwa familia zenye watoto ndiyo, makundi ya vijana hapana, na tabasamu kwa wote wawili. Kamera isielekee upande wa majengo ya jeshi la majini yaliyo jirani.

Boti za Elephanta zinaondokea hapohapo, kama saa moja majini. Jumatatu mapango hufungwa, na wakati wa masika ya huko, Juni hadi Septemba, bahari ikichafuka boti husimama. Mgeni analipa kiingilio kikubwa mara kadhaa kuliko mwenyeji, ndio utaratibu wao, usigombane na mkata tiketi. Ficha chakula, tumbili wa kule hawana haya. Ila nenda. Shiva mwenye nyuso tatu, urefu wa kama mita sita, amechongwa ndani ya mwamba wenyewe, na ukisubiri macho yazoee giza utaona uso wa kushoto na wa kulia havifanani hata kwa hasira.

Mambo ya mfukoni ni machache. Kila muuza chai ana karatasi ya kulipia kwa simu, lakini bila akaunti ya benki ya huko mara nyingi huwezi kuitumia, basi tembea na noti ndogondogo. Treni panda kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni. Nje ya hapo utabebwa na umati hata usipotaka kushuka. Dada zangu, yapo mabehewa ya wanawake, yatumieni. Nakala ya pasi iwe mfukoni, pasi yenyewe iache mlikofikia. Madafu yapo kila kona, na kwa anayeuguza mgonjwa siku nzima, dafu na vada pav, mkate wenye donge la viazi la kukaanga, pembeni ya barabara ni mlo kamili.

Ukiwa huko Agosti au Septemba, wakati wa sikukuu ya Ganesh, sahau mpango wote huu kwa siku moja. Mitaa ya Parel na Lalbaug inajaa sanamu za yule mungu mwenye kichwa cha tembo, nyingine ndefu kupita ghorofa, zilizotengenezwa kwa miezi ili zipelekwe baharini na kuzamishwa. Aliyezifanya sherehe hizo kuwa za hadhara, mwaka 1893, ni Bal Gangadhar Tilak, ambaye kwake zilikuwa njia ya kuwakusanya watu mbele ya macho ya Waingereza. Yeye alichomwa moto kwa heshima ufukweni Girgaon Chowpatty mwaka 1920, na sanamu yake ipo pale. Simama upande wa sanamu hiyo, si kwenye maji, maana umati wa kwenye maji haurudi nyuma.

Na ukiwa huko tarehe 6 Desemba, siku aliyofariki Ambedkar mwaka 1956, fika Chaitya Bhoomi, Dadar, alikochomewa. Ndiye aliyeongoza uandishi wa Katiba ya India, mtoto wa tabaka lililoitwa najisi, na watu wanakuja kwa mamia ya maelfu kutoka vijijini, wengine wamelala njiani. Si mahali pa selfi. Vua viatu watu wanapovua, fuata foleni, kisha pita Shivaji Park ambako siku hizo wanauza vitabu kwa wingi chini ya maturubai. Kituo cha Dadar siku hiyo usikiguse. Shukia Matunga Road, utembee.