Dirisha jeupe, chumba cheusi: nipige vipi picha ndani ya gofu?

Swali: Kaka, habari za kazi. Ninaishi Tororo, mashariki mwa Uganda, na kupiga picha nimejifunza mwenyewe kwa kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Karibu na kwetu kuna kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba, sasa ni gofu. Nikipiga ndani, ama dirisha linatoka jeupe tupu, ama dirisha linatoka vizuri na chumba kinakuwa cheusi kama mkaa. Kuna anayeniambia niende jioni, mwingine ninunue flashi. Halafu kuta zangu zinalala kama zinaanguka. Nakosea wapi?

Jibu: Dada, hela ya flashi iweke kwanza. Mwanga hupimwa kwa hatua, na kila hatua ni maradufu ya iliyotangulia. Mchana wa jua kali, uwanja unaoonekana dirishani na kona ya chumba vinaweza kupishana hatua kumi, yaani zaidi ya mara 1000. Jicho lako hujirekebisha kila unapoligeuza, lakini kamera inatakiwa kuchukua vyote kwa mpigo mmoja. Ikiandika JPEG, yaani faili la picha lililobanwa, inatupa sehemu kubwa ya ilichokiona. Kwa hiyo ingia kwenye menyu uchague RAW, faili ghafi linalohifadhi vyote, leo hii, hata kama kadi itajaa mapema.

Ushauri wa jioni ni mzuri kwa nyumba inayokaliwa. Humo taa zinawaka, na giza la nje likishuka, ndani na nje hukaribiana. Gofu halina taa. Mwanga wake wote unapitia madirishani, hivyo nje ikififia na ndani inafifia pamoja nayo, tofauti inabaki karibu ileile. Nimepoteza jioni nyingi Jinja, ndani ya duka la zamani lililong'olewa milango, kabla jambo hili halijaniingia kichwani.

Siku nilipoelewa ilikuwa asubuhi, saa mbili na nusu. Jua lilipenya dirisha la mashariki, likatua kwenye sakafu ya saruji, na dari nzima ikawaka kwa mwanga uliodunda kutoka chini. Dirisha la ubavuni lilikuwa na majani na ukuta wa jirani, vyote vikionekana. Sikuwa nimegusa kitu kwenye kamera.

Hiyo ndiyo kazi yako: ngoja jua likuwashie chumba. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi mwaka mzima, na kufika saa saba mchana liko juu ya paa, haliingizi chochote isipokuwa kwenye matundu. Muda wako ni saa moja na nusu hadi saa tatu, au saa kumi hadi kumi na moja na nusu. Nenda siku moja bila kupiga picha, uandike ni dirisha lipi linapokea jua saa ngapi. Kisha beba shuka jeupe. Litandike pale mwali unapotua, nje ya fremu, uone kona zinavyofunguka. Shuka langu limenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua. Flashi ya mbele ingelainisha plasta iliyobanduka na kuyafanya mavumbi kuwa madoa meupe. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa kila ufa.

Pakibaki tofauti kubwa, weka kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, upige picha tatu bila kusogeza kitu: kwa mfano 1/60, 1/15 na 1/4 ya sekunde. Tumia taima ya sekunde mbili. Kama sakafu ni ya mbao, simama tuli, maana hatua moja tu huitikisa stendi. Programu ya Darktable, ambayo ni ya bure, inaziunganisha. Usizidishe. Gofu lisilo na kivuli hata kimoja halionekani gofu tena, na mimi ningeacha kona moja ibaki giza.

Kuta zinalala kwa sababu umeinua pua ya kamera. Inyooshe sawa na upeo wa macho, rudi nyuma, washa mistari ya gridi. Basi.

Sasa usalama, na hapa naomba unisikilize. Vaa barakoa penye mavi ya popo, kwani vumbi lake linaweza kubeba kuvu wa kudhuru mapafu. Mashimo ya migodi na mapango usiingie kabisa. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, na virusi hivyo vilipatikana kwa popo wa matunda waliokuwa wakiishi mgodini. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliyeingia pango lenye popo hao, magharibi hukohuko, alifariki kwa ugonjwa huo. Kwa hiyo hata ukifika Kilembe ukavutiwa na mabaki ya mgodi wa shaba, piga majengo ya nje, mahandaki yaache. Paa la asbesto, yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi, ukikuta limevunjika usikanyage vipande.

Na jengo tupu lina mwenyewe. Mali nyingi za Wahindi waliofukuzwa na Amin mwaka 1972 zilidaiwa na kurudishwa baadaye, na kesi zingine zimechukua miaka. Mtu akikuona na kamera, anaweza kudhani umetumwa kupima ploti. Anzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, eleza unachofanya, kisha mtafute askari anayelinda. Penye jeshi, polisi au daraja, kamera ibaki mfukoni mpaka uwe na kibali.

Ukishaingia, tafuta maandishi. Huko Jinja majina ya wenye maduka na mwaka wa ujenzi yangali yamechorwa kwenye saruji juu ya milango. Kiwandani kwako yanaweza kuwa kwenye mashine au mizani. Yapige kwa karibu, mwanga ukija kwa ubavu, kabla chuma hakijabebwa na wauza skrepa. Askari naye muulize alianza kulinda lini. Mara nyingi ndiye anayejua mlango upi hupata jua la asubuhi.