Kwa Dada Anayetaka Kuanza Lakrosi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nairobi aliniandikia akiuliza anunue fimbo ya aina gani ili ajifunze lakrosi, mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa fimbo yenye wavu, kwa kuwa mchezo huo unarejea katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, baada ya kushindaniwa medali mara ya mwisho London mwaka 1908. Dada yangu, nunua yoyote inayoruhusiwa kwa wanawake, kisha utafute ukuta.

Nilihamia Syracuse, jimbo la New York, nikiwa mtu mzima mwenye mbio za kutosha, nikajiunga na timu ya wanawake ambayo kocha wake aliniambia mbele ya wenzangu kwamba watu wa kwetu wana miguu tu, mikono hawana. Sijamsamehe, wala sioni sababu ya kujifanya nimemsamehe. Kila jioni nilikwenda kwenye ukuta wa maegesho ya magari, nikarusha na kudaka, kulia kisha kushoto, mpaka majirani wakalalamika. Wavu wa fimbo zetu hauruhusiwi kuwa na mfuko wenye kina, kwa hiyo mpira ule mgumu wa raba, usiofika gramu 150, huchomoka mara tu kifundo cha mkono kinapokakamaa. Kilegeze, mkono wa juu uuzungushe mpini taratibu huku unakimbia, nao mpira utatulia. Siku hizi kocha yule hunipanga katika kila mechi, na mabeki hawajui nitapiga kwa mkono upi.

Pili, wajue wenye mchezo. Kusini tu mwa Syracuse ni nchi ya Waonondaga, mojawapo ya mataifa sita ya Haudenosaunee, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, ambao kwao lakrosi ni zawadi ya Muumba na dawa ya wagonjwa. Mzee mmoja wa huko alinionyesha fimbo ya mbao iliyopindwa kwa mvuke, akaniomba kwa adabu nisiishike, kwani kwa mila yao mwanamke hagusi fimbo ya mbao. Sikuumia hata kidogo, maana yeye alinieleza sababu.

Jina lenyewe walilipachika Wafaransa. Mwaka 1636 mmisionari Mjesuiti Jean de Brébeuf, akiwa kwa Wahuroni, wenyeji wengine wa asili, katika Kanada ya leo, aliandika kwamba mganga huweza kuagiza nchi nzima icheze *crosse* ili mgonjwa apone. Husimuliwa sana kwamba fimbo ilimkumbusha bakora ya askofu, ambayo kwa Kifaransa nayo huitwa *crosse*. Mimi naamini zaidi kwamba Wafaransa tayari waliita hivyo michezo yao ya fimbo zilizopinda, naye akatumia neno alilolizoea. Katika miaka ya 1860 daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, aliuandikia sheria, na wenyewe wakaanza kubisha hodi kwenye mchezo wao: mwaka 2010 timu ya Haudenosaunee ilikosa mashindano ya dunia ya Manchester kwa sababu Uingereza ilikataa pasipoti zilizotolewa na mataifa yao. Usiingie uwanjani huku hujui hayo.

Waganda walitutangulia kwenye mashindano ya dunia, Denver, mwaka 2014, kwa hiyo usikubali kuambiwa huu si mchezo wetu. Olimpiki itachezwa na watu sita kila upande, kipa akiwemo, na timu ina sekunde 30 tu za kupiga golini. Mkono mmoja hautakutosha. Rudi ukutani, na ikiwa kuna madirisha karibu, anza na mpira wa tenisi.